Nani Atabaki na Mbwa?



Mwezi wa Juni shule zikifungwa, hapa Kitete utawaona majirani wakielekea stesheni na mabegi yao. Mwalimu amepata likizo, baba amepata ruhusa kazini, watoto wanataka kumwona bibi yao Kigoma au Mwanza. Tiketi zimekatwa, maandazi ya njiani yamekaangwa. Ndipo usiku wa mwisho mama mwenye nyumba anakumbuka: na mbwa je? Na kuku je? Nani atabaki nao?

Kazi yangu hii ya pembeni ilianzia hapo. Miaka minne iliyopita mama mmoja mwalimu alinigongea mlango saa mbili usiku. "Sista," akaniambia, "kesho tunasafiri kwenda Mbeya kwa mwezi mzima. Kijana aliyekuwa abaki nyumbani amegeuka leo hii. Naomba uniangalizie mbwa na vifaranga." Sikuwa na sababu ya kukataa, maana nyumba yake iko njiani ninapokwenda kazini. Asubuhi nilipita, jioni nikapita tena. Aliporudi alinipa debe la mchele wa Kyela, na siku ya pili shoga yake akaja kuniuliza kama naweza kumfanyia na yeye mwezi wa Desemba, kwa malipo.

Nilimwambia mume wangu, akacheka sana. Mtu alipwe kwa kumpa mbwa ugali! Lakini ukitazama vizuri utaona ni hitaji la kweli. Zamani nyumba haikukosa mtu. Siku hizi familia nyingi za mjini ni baba, mama na watoto, na wakisafiri wanasafiri wote. Akiachwa dada wa kazi peke yake, mama hana amani huko aliko. Akiachwa mbwa peke yake na sufuria ya chakula cha siku tatu, hicho chakula kinachacha siku ya kwanza, na mbwa anashinda akilia mpaka majirani wanalalamika.

Huko Marekani wenzetu wameifanya kuwa kazi kamili. Mama mmoja aitwaye Patti Moran alianzisha chama cha watunzaji wa wanyama wa nyumbani mwaka 1994, na leo watu wengi huko wanaishi kwa kazi hiyo. Sisi hatutafika huko kesho. Lakini usidhani kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu.

Bibi mmoja jirani yangu, Mnyamwezi wa hapa hapa, alinieleza walivyofanya wazee wake. Mtu mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mwenzake baadhi yao awalee. Mlezi alikunywa maziwa, akachukua samadi ya shambani, na mara nyingine akapewa ndama. Ng'ombe walibaki kuwa wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa? "Mayo," akanijibu, "ulipeleka ngozi. Bila ngozi ulikuwa umemuuza." Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimesoma maneno ya namna hiyo hiyo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kuanzia mstari wa 10. Pale sheria inasema juu ya mtu aliyempa jirani yake punda, ng'ombe au kondoo amtunzie. Mnyama akiibiwa kwa mlezi, mlezi analipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, mlezi analeta mabaki yawe ushahidi, halipi. Akifa na hakuna aliyeona, wanaapa mbele za Bwana. Mambo hayo yaliandikwa kwa sababu watu walikuwa wakigombana juu yake tangu zamani hizo.

Na kuna habari nyingine ambayo huwa nawasimulia akina mama wanaotaka kuanza kazi hii. Kilomita chache kutoka hapa mjini, huko Kwihara, iko tembe alimokaa Daktari Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Watoto wa shule hupelekwa kuiona. Miaka michache kabla hajafika huku, Livingstone alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Mwenyewe ameandika katika shajara yake kwamba mbwa yule aliusimamia msafara mzima: alikimbia mbele kumtazama wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho, na wakipiga kambi hakuruhusu mbwa wa kijiji aikaribie nyumba ya bwana wake. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa la matope lenye upana wa karibu maili moja. Livingstone alitangulia, watu wakahangaika na mizigo na maji. Hakuna aliyemfikiria Chitane. Alijaribu kuogelea mpaka akachoka, akafa maji.

Watu wote wa msafara ule walimjua mbwa yule, na naamini wengi walimpenda. Lakini siku ile hakuwa mkononi mwa mtu yeyote. Mimi nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini, na nimeona jambo la namna hiyo kwa wagonjwa. Wauguzi wawili kila mmoja anadhani mwenzake amempa mgonjwa dawa. Ndiyo maana tunakabidhiana zamu kwa daftari, kitanda kwa kitanda, na anayepokea anauliza maswali kabla anayetoka hajavua aproni.

Basi, mimi niliyelijua hilo wodini sikulifanya kwa mbwa, na nataka nikusimulie yaliyonipata.

Ilikuwa mwaka wa pili wa kazi hii. Baba mmoja aliniomba nikae na mbwa wake kwa majuma matatu, na kwa kuwa nyumba yake iko mbali nilikubali mbwa aletwe kwangu. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, mtulivu machoni. Nilipokea mbwa, mnyororo na gunia la dona, nikapokea na fedha ya juma la kwanza. Sikuuliza kitu kingine chochote. Nesi mzima!

Siku ya tano nilikuwa zamu ya mchana. Mtoto wangu wa mwisho aliacha lango wazi. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, aliingia kufuata mpira wake uliovuka ukuta. Mnyororo ulikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri. Mbwa akamuuma kwenye shavu la mguu.

Niliporudi nilimkuta mtoto ameshapakwa kahawa ya unga kwenye jeraha na kufungwa kitambaa. Nikafungua kile kitambaa, nikamweka bombani, nikaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili nikitazama saa ya ukutani. Mtoto alilia, mama yake alilia, na mimi moyoni nililia. Dakika 15 ni nyingi sana mtoto akilia. Lakini ukisoma makala hii na ukakumbuka jambo moja tu, kumbuka hilo. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama kwenye jeraha, na kuosha kwa sabuni mara moja kunaviondoa na kuviua kwa sehemu kubwa. Kahawa, majivu, mafuta ya taa na chumvi havifai. Usilifunge jeraha kwa kulibana. Osha, kisha kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Tukiwa njiani nilimpigia simu mwenye mbwa. Nikamwuliza, "Baba, mbwa amechanjwa lini?" Kimya. Kisha akasema, "Nafikiri mwaka juzi. Kadi sijui iko wapi."

Akina mama, nimeshawahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa nilipokuwa mwanafunzi. Sitaeleza yote niliyoyaona. Alikuwa na kiu na aliogopa maji. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa, na daktari hana cha kufanya ila kumpunguzia mateso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila watu kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Na ugonjwa huu unazuilika kabisa kwa chanjo, ya mbwa kabla au ya mtu aliyeumwa mara moja baada ya kuumwa. Dalili huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa kuwa jeraha limepona na mtoto anacheza.

Mtoto alianza sindano siku ile ile. Hatukungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa alifungwa bandani kwa siku kumi akiangaliwa na bwana mifugo, kwa sababu mbwa mwenye virusi matени mwake wakati anapouma huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima siku ya kumi, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyouma. Siku kumi zile sikulala. Kila alfajiri kabla ya sala nilikwenda na tochi kutazama kama anakunywa maji.

Alikunywa. Siku ya kumi alikuwa mzima, akinitingishia mkia kana kwamba hakuna lililotokea.

Mama wa yule mtoto hakuniambia neno kwa muda mrefu. Siku aliyoniambia, alisema hivi: "Mbwa hakuwa wako, lakini lango lilikuwa lako." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nililipa nauli zote na gharama za matibabu. Mwenye mbwa aliporudi alisema yeye alinikabidhi mbwa mzima na mnyororo, kwa hiyo kosa ni langu. Mimi nikasema mbwa asiyechanjwa ni kosa lake. Tulibishana mpaka mke wake akatuona aibu, tukagawana nusu kwa nusu. Hatukuwa na karatasi. Baadaye ndipo nilipojua kutoka kwa kijana wake kwamba mbwa yule alikuwa ameshawahi kumuuma mwuza mkaa. Sura ya 21 ya kitabu kile kile cha Kutoka inamtaja ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe, ambaye mwenyewe alionywa asimfunge. Lawama yake ni nzito. Lakini mimi sikuwa nimeuliza, na yeye hakusema.

Niliacha kazi hii kwa miezi minane. Nilirudi kwa sababu mwalimu wa mwanzo alinibembeleza, na nilirudi na daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 96. Kila mnyama ana ukurasa wake, na mwenye mnyama anaweka sahihi chini. Naandika tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Naandika namba ya simu ya mwenyewe, na ya mtu mwingine asiyesafiri ambaye anaweza kuamua jambo kama mwenyewe hapatikani, maana kwenye treni kuna mahali simu haishiki. Naandika namba ya bwana mifugo wake. Naandika anakula nini na saa ngapi. Halafu swali ambalo huwa nauliza nikimtazama mtu usoni: amewahi kumuuma mtu? Halafu kadi. Kadi ya chanjo naitaka mkononi, na tarehe iwe ndani ya mwaka mmoja. Mwisho tunaandika mnyama akiugua nitumie kiasi gani kabla ya kupiga simu, na akifa licha ya matunzo itakuwaje. Watu wengine huchukia swali hilo la mwisho, wanaona ni uchuro. Mimi nawaambia kwamba hata mgonjwa wa kupasuliwa anaweka sahihi.

Kwangu simpokei tena mbwa wa mtu. Nakwenda mimi alipo. Mbwa aliyebaki kwao ana harufu ya kwao, anajua mipaka yake, na lango ni la kwao. Siku mbili za mwanzo wengine hukataa kula kwa huzuni. Ninamwomba mama mwenye nyumba aache kanga aliyoivaa, bila kuifua, nikamtandikia mbwa. Mara nyingi inatosha. Akipita siku ya pili bila kula kabisa, au mbwa mdogo akiharisha damu, hapo simngoji mtu, namwita bwana mifugo. Na usimpe mbwa kila linalobaki mezani: mchuzi wenye vitunguu vingi ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Kwa upande wa kuku adui ni kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Ukipita nyumba tatu kulisha kuku, miguu yako inaweza kukibeba kutoka banda hadi banda, na banda la mwisho likawa lako mwenyewe. Kwa hiyo kila nyumba ina kandambili zake zinazokaa mlangoni mwa banda, na sizihamishi. Kuku wasiochanjwa siwapokei. Ile chanjo ya tone la jichoni inayovumilia joto hupatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Ichanjwe angalau majuma mawili kabla ya safari ili iwe imeshika. Mayai nayahesabu na kuyaandika. Usicheke, yai moja limeshavunja urafiki wa watu.

Ng'ombe wa maziwa nimekataa. Anahitaji kukamuliwa kwa saa zake, na mimi nina zamu za usiku. Mwenzetu mwenye nafasi ya kushinda nyumbani anaweza.

Neno juu ya majirani. Mji wetu tangu siku za misafara una Waislamu wengi, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Ukimpeleka mbwa wa mtu matembezini, mfupishe kamba unapopita mbele ya nyumba zao na misikiti, wala usimwache anuse kanzu ya mzee. Mimi hubeba chupa ya maji. Ni jambo dogo, lakini wazee wa mtaa wetu wananisalimu vizuri.

Labda unauliza juu ya fedha. Kumtembelea mbwa kwao mara mbili kwa siku natoza shilingi 4,000, kuku wasiozidi ishirini 2,000, na chakula anaacha mwenyewe. Juni iliyopita nilikuwa na nyumba tatu: mbwa mmoja kwa siku 21, mbwa na kuku kwa siku 14, na kuku peke yao kwa siku 10. Jumla shilingi 188,000. Wifi yangu, ambaye hupita nikiwa zamu, nilimpa 40,000. Bodaboda za siku za dharura zilikula 22,000, sabuni na dawa ya kupulizia 6,000. Zikabaki 120,000, nikalipa sare za shule za watoto wawili na kuweka hisa zangu kwenye kikundi. Lakini Februari mpaka Aprili sikupata hata nyumba moja. Asiyekuwa na kazi nyingine asitegemee hii peke yake. Na kabla hujaanza kutangaza, pita ofisi ya biashara ya manispaa uulize unatakiwa uwe na nini.

Mume wangu siku hizi hacheki. Ndiye aliyetengeneza kishikio cha funguo ukutani, kila ufunguo na kibao chake, bila jina la mwenye nyumba ila namba tu, ili mwizi akiupata asijue ni wa wapi.

Kwa likizo ya Desemba nimeshapokea funguo nne. Ufunguo wa tano uliletwa Jumapili baada ya ibada na mama mmoja ninayemheshimu sana. Ana mbwa wawili, na kadi ni moja. Ya pili, akasema, ataitafuta akirudi safari. Nikamwambia, "Mama, bwana mifugo yuko kesho asubuhi, nitakusindikiza." Akasema kesho ana mambo mengi. Nikamrudishia ufunguo. Hakufurahi, nami sikufurahi. Jumanne jioni nilimwona kwa mbali akitoka kwa bwana mifugo, anavutwa na mbwa mweusi kwenye kamba ya katani, viatu ameshika mkononi.